Majina Kumi na Matano

Mfereji ulikohoa saa kumi na nusu alfajiri. Ulikohoa mara mbili, ukanyamaza, kisha ukaanza kutema hewa ndani ya mtungi wa plastiki ambao Muhonja alikuwa ameutega tangu jana jioni. Aliisikia sauti hiyo katikati ya usingizi, akaamka kabla haijageuka kuwa maji. Mwaka ule wa 1998, maji ya mtaa wa Umoja, Nairobi, yalikuja kwa saa moja na nusu tu. Aliyelala aliyanunua kwa mkokoteni, na bei ya mkokoteni ilikuwa ikipanda kila Jumatatu.

Alijaza mitungi minne. Alijaza pia sufuria kubwa ya jirani wa mlango wa pili, aliyejifungua juzi na ambaye hakupaswa kuinama. Kisha akawasha stovu, akateleka chai, akainua kitambaa kilichofunika cherehani yake. Bahasha ya kaki ilikuwa pale pale alipoiacha.

Ndani ya bahasha mlikuwa na maombi. Serikali ilikuwa imetangaza ruzuku kwa vikundi vya mitaa vilivyotaka kuwafikishia watu simu na kompyuta. Kate, mwalimu wa taipu katika chuo kimoja mjini, ndiye aliyeliona tangazo gazetini, akalikata kwa wembe na kulileta kwenye mkutano wa kikundi chao cha Mwangaza. Ukumbi wa mtaa ulikuwa na chumba cha kando kilichojaa viti vilivyovunjika. Wangekisafisha. Wangeomba laini ya simu, simu mbili za mezani, na kompyuta moja yenye kile kisanduku kinachopiga kelele kabla ya kukubali kupeleka barua. Kate aliziita imeli. Wenzake waliziita barua za kompyuta, na alipowaambia kwamba barua ya namna hiyo hufika Marekani kabla chai haijapoa, walicheka sana. Halafu kila mmoja akamfikiria mtu wake aliye mbali.

Muhonja hakuwa na mtu Marekani. Alikuwa na mama yake, nyumbani Vihiga, na mama huyo alikufa Ijumaa moja ya mwezi wa nne. Jumamosi watu wa nyumbani walipiga simu katika duka la Magan, simu pekee waliyoijua ya kule Umoja. Iliita, ikaita. Magan alikuwa amelala hospitalini na malaria, na duka lilikuwa na kufuli. Habari ilimfikia Muhonja Jumanne, kwa mdomo wa kondakta wa basi la usiku. Alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kukauka. Hakumlaumu mtu. Lakini tangu siku hiyo alipokuwa akishona, mguu ukikanyaga cherehani, alikuwa na wazo moja tu: asije mwingine wa mtaa huu akafika akakuta udongo umekauka.

Mulongo, mumewe, aliingia saa kumi na mbili akitoka kulinda ghala Industrial Area. Alivua koti lake zito, akaitazama bahasha.

"Ndiyo leo?"

"Leo ndiyo siku ya mwisho. Saa kumi jioni wanafunga."

"Na barua ya chifu?"

"Ilitoka jana."

Mulongo alitikisa kichwa. Wiki tatu mkewe alikuwa amekwenda kwa chifu na kurudi, mara chifu yuko mkutanoni, mara muhuri uko kwa karani, mara karani yuko kwenye matanga. Alivua saa yake ya mkononi, akamfunga nayo mkewe. Ilikuwa kubwa kwake, ikamteleza hadi karibu na kiwiko.

"Nenda nayo. Watu wa ofisi wanapenda kusema umechelewa. Wewe uwaonyeshe."

"Na wewe utajuaje wakati?"

"Mimi nalala. Aliyelala saa ya nini?"

*

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja la serikali upande wa Jogoo Road. Muhonja alikuwa wa nne kwenye foleni saa mbili kamili, na saa nne kasoro robo bado alikuwa wa nne, kwa sababu mabwana wenye tai walikuwa wakipita moja kwa moja huku wakisema, "Ananijua." Tarishi wa ofisi, mzee mwembamba aliyeitwa Lusweti, alimwona akibadilisha mguu wa kusimamia. Alikwenda, akarudi na stuli iliyokosa rangi.

"Keti, mama. Serikali haina haraka, wewe je?"

Bwana Muasya, afisa mwenyewe, alikuwa mtu nadhifu mwenye kalamu tatu zilizopangwa sambamba mbele yake. Alisoma barua ya chifu. Alisoma cheti cha usajili. Alisoma ukurasa aliouandika Kate kwa taipu, akaonekana kuridhika. Halafu akafika kwenye orodha ya wanachama, ambayo fomu ilitaka iandikwe na wanachama wenyewe kwa mkono, na hapo akasimama.

"Hawa ni akina nani?"

"Wanachama, bwana."

"Mama Sammy," alisoma. "Mama Odero. Mama Wekulo. Mama Gachanja. Mama Luseno. Huyu Mama Luseno ndiye nani?"

"Ni mimi."

"Serikali haimjui Mama Luseno. Serikali inamjua mtu mwenye kitambulisho." Aliigeuza karatasi ili na yeye aione. "Watu kumi na watano, na mwenye jina ni mmoja tu. Huyu Kate, aliyeambatisha na kitambulisho chake. Hao wengine ni mama za watu."

Muhonja aliitazama ile karatasi kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Aliikumbuka ikizunguka mkutanoni, kutoka goti hadi goti, kila mwanamke akiandika bila kufikiri jina analoitwa mlangoni, kanisani, sokoni na kwenye matanga. Hakuna aliyeona kosa. Hata Kate, aliyesoma, hakuliona, kwa sababu tangu akiwa mtoto hakuwahi kuwasikia wakiitwa vingine.

"Naweza kuandika majina yao sasa hivi, bwana," alisema.

"Andika."

Alichukua kalamu aliyopewa. Aliandika jina lake: Annah Muhonja. Kalamu ikabaki hewani. Yeye na Mama Sammy walichota maji pamoja kila alfajiri. Mama Wekulo alimshika mkono siku aliyozika mtoto wake wa tatu. Alijua nani hali maharagwe, nani mumewe anakoroma, nani analia akiimbiwa wimbo fulani. Majina yao hakuyajua.

Aliiweka kalamu chini taratibu.

"Sikiliza, mama," alisema Muasya, na sauti yake haikuwa mbaya, ilikuwa ya mtu anayesoma bango. "Sheria inataka wanachama wasipungue kumi na watano. Huyu mmoja namkubali. Niletee kumi na wanne waliobaki: jina la kitambulisho, nambari, sahihi. Na vitambulisho vyenyewe nivione kwa macho. Si nakala. Nakala watu wanaghushi."

"Niwalete lini, bwana?"

"Leo. Saa kumi nafunga."

Nje, kwenye ngazi, Lusweti alimfuata. Muhonja alimwomba simu, dakika moja tu, ampigie Magan awakusanye wanawake.

"Simu ipo, mama, lakini ina kufuli. Ufunguo uko kwa mkubwa, na mkubwa yuko semina." Alimpa karatasi mbili safi zenye mistari. "Andikia kwenye hizi. Na usikie: husema saa kumi, lakini kalamu zake huzikusanya saa kumi kasorobo."

Barabarani palikuwa na vibanda viwili vya simu. Cha kwanza hakikuwa na mkono wa kusikilizia, waya tu ukining'inia. Cha pili kilimeza shilingi zake, kikanyamaza. Muhonja aliitazama saa ya Mulongo. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Akaanza kwenda.

*

Apondi, yule Mama Odero wa kwenye orodha, alikuwa soko la Kariokor, kwenye safu ya wakata akala, viatu vya matairi, mwanamke mmoja katikati ya wanaume tisa. Alikuwa amekalia tairi la lori, kisu mkononi, na alimwona Muhonja kabla hajaonwa.

"Mama Luseno! Umekuja kununua viatu ama umekuja kunihubiria?"

"Nimekuja kukuuliza jina lako."

Wale wanaume waliacha kugonga misumari.

"Jina langu?" Apondi aliweka kisu chini. "Umekula samaki wangu miaka kumi na saba, na Odero wangu umemshonea kaptura akiwa hajui kufunga vifungo. Leo ndiyo unataka jina?"

"Nisamehe. Ni ofisi." Alimweleza yote, akihema. Kadiri alivyoeleza ndivyo Apondi alivyozidi kucheka, mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mpira.

"Beldina Apondi," alisema mwishowe, akainuka na kunyoosha mkono.

"Annah Muhonja."

Wakasalimiana kama wageni, wakashikana mikono kwa muda mrefu. Apondi akatia sahihi juu ya tairi. Lakini aliposikia kwamba kitambulisho chenyewe ndicho kinachotakiwa, kicheko kilimkauka. Kila mtu Nairobi alijua kutembea bila kitambulisho ni nini: polisi wakikukuta, unalala seli.

"Hiki ni kipande, Annah. Jana karao walipita hapa, wakabeba watu wanane. Wakija leo nitawaambia kipande changu kimekwenda kuomba simu?"

"Najua. Siwezi kukulazimisha."

Apondi alikigeuzageuza kile kitambulisho. Mkata akala wa karibu naye, Ndirangu, alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake, "Wakija ataingia nyuma ya magunia yangu. Mimi ni mnene, nitayakalia. Nani atanihamisha?"

"Na nikipiga chafya?"

"Nitasema ni mimi."

Apondi alikitia kitambulisho mkononi mwa Muhonja, akakifunga kiganja chake kwa nguvu. "Mwanangu yuko melini. Akishuka bandari yoyote, simu zipo. Hana tu pa kupiga. Nenda kabla sijabadilisha mawazo."

*

Lango la kiwanda alichofanya kazi Ayuma lilikuwa la bati, lenye dirisha dogo la kumtazamia mtu uso. Ayuma ndiye Mama Wekulo. Alikuwa kibarua wa kufunga biskuti, wa siku kwa siku, na vibarua walitoka nje ya kibanda cha kazi mara moja tu, saa saba. Muhonja alisimama kwenye jua na wauza githeri ya mahindi na maharagwe, akakisubiri king'ora.

Ayuma alipokuja dirishani na kuelezwa, alishika kichwa.

"Kitambulisho changu sinacho, dada! Kila kibarua akiingia anakiacha hapa langoni. Jioni unapewa na malipo."

Muhonja alimgeukia askari wa lango, mwanamume wa makamo aliyekuwa akila mhogo. Kibao kifuani kilisema Tobias.

"Haiwezekani, mama," alisema kabla hajaombwa. "Walioingia leo ni mia moja na arobaini. Kwenye sanduku hili viko vitambulisho mia moja na arobaini. Mnyapara huja kuhesabu saa tisa. Kikikosekana kimoja, huyu hapa kesho haingii, na mimi pia siingii."

"Nitakirudisha saa kumi na moja. Kabla hawajatoka."

"Mnyapara anahesabu saa tisa, mama."

Muhonja alivuta ile saa kubwa kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo, akaitazama. Tobias naye akaitazama.

"Hiyo saa naijua," alisema. "Kioo kimepasuka pembeni. Si ya mzee Mulongo wa ghala la pamba?"

"Ni mume wangu."

Tobias alitafuna mhogo wake taratibu. "Mwaka jana mvua ilininyeshea hapa usiku mzima nikiwa na homa. Yeye alivuka barabara akaniletea koti lake. Akarudi kwenye lindo lake na shati tu." Alimeza. Akafungua sanduku, akatafuta, akatoa kitambulisho cha Ayuma. Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa shati, akatoa chake mwenyewe, akakitumbukiza ndani na kufunga.

"Mia moja na arobaini," alisema. "Mnyapara anahesabu tu, hasomi. Saa kumi na moja, mama. Usinitie kitanzi."

Ayuma alitia sahihi akiegemeza karatasi kwenye bati la lango. "Jane Ayuma," alisema kwa aibu, kana kwamba anakiri jambo. "Hilo Jane hata Baba Wekulo halitumii."

*

Magan alipoona Muhonja akikata kona ya Umoja karibu mbio, alitoka nje ya duka lake kabla hajafika. Alikuwa Msomali mzee, mnyamavu. Tangu ile Jumanne ya mwezi wa nne hakuwahi kumuuzia Muhonja sukari bila kuongeza kijiko juu ya mizani. Muhonja alimwambia kwa maneno machache. Magan alisukuma magunia ya unga kando, akafuta kaunta kwa kiganja, akaweka kalamu juu yake. Kisha akasimama katikati ya barabara, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, akapaza sauti:

"Akina mama wa Mwangaza! Vitambulisho! Haraka!"

Walikuja na mikono yenye unga, na watoto mgongoni, mmoja na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Walipoambiwa kosa lenyewe walishika midomo. Halafu kaunta ikageuka sherehe.

"Turfosa!" alisoma Muhonja. "Mama Sammy, wewe ni Turfosa?"

"Nyanya yangu alikuwa Turfosa. Cheka, meno yako yapigwe na upepo."

"Na huyu ni Keziah! Wee Mama Njeri, na unavyopenda ugomvi, wewe ndiye Keziah?"

"Nitie sahihi wapi? Nina mboga motoni."

Mmoja alisita, akarudi nyumbani, akarudi tena na kitambulisho kilichofungwa ndani ya leso tatu. Mwingine alisema mumewe ndiye anayekiweka chake, na mumewe yuko kazini. Turfosa akamwambia, "Na ufunguo wa sanduku anauweka wapi? Si juu ya mlango, kama wote?" Ukapatikana juu ya mlango. Magan alisoma nambari moja baada ya nyingine, polepole, Muhonja akiandika, na mara mbili alimwonyesha kwa kidole mahali alipokosea tarakimu.

Saa nane na dakika hamsini walikuwa kumi na watatu. Alibaki Mama Gachanja.

Mama Gachanja aliishi peke yake katika chumba cha nyuma, mguu wake mmoja umevimba na hautembei mbali. Gachanja, mwanawe, alikwenda Marekani kusoma miaka sita iliyopita. Barua zilikuja mbili. Tangu hapo bibi huyo alikuwa hakosi mkutano wa Mwangaza hata mmoja, akiongozwa na Turfosa kwa mkono, akikaa mwisho wa benchi bila kusema kitu.

"Hodi, Mama Gachanja."

"Karibu. Kaa. Chai iko."

"Sina nafasi ya kukaa, mama. Nataka kitambulisho chako, na jina lako."

Bibi alivuta mkebe wa majani ya chai kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na barua mbili, na katikati yake kitambulisho, kama kinachopashwa joto. Muhonja alisoma.

"Wakiuru."

Bibi aliacha kuufunga mkebe, Muhonja akadhani amemkosea.

"Nisamehe," alisema. "Wewe ni umri wa mama yangu. Sistahili kukuita kwa jina tupu."

"Liite tena," alisema bibi. "Mara ya mwisho aliliita baba yake Gachanja, akiwa kitandani kwa wagonjwa. Hilo jina nilidhani amekwenda nalo."

"Wakiuru," alisema Muhonja polepole.

Bibi alitia sahihi kwa herufi kubwa zilizotengana, kila moja ikisimama peke yake. Ilimchukua dakika mbili nzima. Muhonja hakuitazama saa.

*

Saa kumi kasoro dakika kumi na nane alipanda ngazi, na vitambulisho vimefungwa kwenye kitambaa kifuani. Lusweti alikuwa juu akimchungulia.

"Ingia, ingia. Nimempelekea chai ya pili. Nimeileta ikichemka, hawezi kuimaliza upesi."

Bwana Muasya aliweka kikombe chini. Alivipokea vitambulisho kimoja kimoja, akavilinganisha na orodha, na kwa kuwa ndivyo alivyozoea, alisoma kila jina kwa sauti. Beldina Apondi. Jane Ayuma. Turfosa. Keziah. Wakiuru. Muhonja alisimama na mikono mbele, akiyasikia majina ya jirani zake yakitamkwa ndani ya ofisi ya serikali, wazi, moja baada ya jingine.

"Kumi na wanne, na huyu Kate, kumi na watano," alisema Muasya. Alionekana kama mtu aliyetarajia pungufu. Aligeuza ukurasa. "Hapa. Nambari ya simu ya kikundi. Umeandika nambari ya duka."

"Ndiyo, bwana. Duka la Magan."

"Fomu inataka simu ya kikundi. Maafisa wakitaka kuwapigia?"

Muhonja alikuwa ametembea tangu saa nne. Hakuwa amekula. Soli ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imeachia mbele, inafunguka na kufunga kila anapopiga hatua. Lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ya chini na ya taratibu, kama anayemwonyesha mtoto mahali pa kupitisha sindano.

"Bwana Muasya, kama kikundi kingekuwa na simu, mimi leo ningekuwa natafuta nini hapa?"

Kule mlangoni Lusweti alicheka, akakigeuza kicheko kikohozi, akakohoa sana.

Muasya alimtazama Muhonja. Kisha akaitazama fomu, akaisoma sehemu ile tena, mara ya pili, kama mtu aliyeipita siku zote bila kuiona. Simu ya mezani kwake ilikaa hapo kando ya kikombe, kufuli ndogo ya shaba ikiwa imezuia tundu la nambari.

"Hii fomu waliiandika watu wa juu," alisema mwishowe.

"Najua, bwana."

Alichukua kalamu moja kati ya zile tatu, na karibu na nambari ya duka akaandika neno: imekubaliwa. Akagonga muhuri. Akamkatia kipande cha risiti. "Jibu ni baada ya siku tisini. Na sikuahidi kitu, mama. Walioomba ni wengi, na fungu ni dogo."

"Umepokea. Kwa leo inatosha. Asante."

Lusweti alimsindikiza hadi chini, jambo ambalo halikuwa kazi yake.

*

Saa kumi na moja kasoro dakika tano Tobias alifungua sanduku, akatoa chake na kurudisha cha Ayuma. Alibusu kitambulisho chake kabla ya kukitia mfukoni. "Mwambie mzee saa yake inakwenda vizuri," alisema.

Apondi alimkuta Muhonja kwenye steji ya matatu ya Umoja, akinuka mpira na gunia. Karao walipita kweli, alisema, na Ndirangu alikalia magunia nusu saa nzima akiimba nyimbo za kanisani ili Apondi asisikike akipumua. "Sasa ananidai wimbo," alisema Apondi. "Lete kipande changu nilale kama raia."

Kwa Magan waligawana vitambulisho vilivyobaki, kila mmoja akiitwa kwa jina la kitambulisho na kuitika kwa madaha kama darasani. Jua lilikuwa limefika kwenye mapaa Muhonja alipobisha hodi chumba cha nyuma. Safari hii alikaa. Chai ilikuwa bado iko, imefunikwa kwa sahani.

"Wamekubali?" aliuliza bibi.

"Wamepokea. Kukubali ni siku tisini."

"Siku tisini nitafika." Alikirudisha kitambulisho katikati ya zile barua mbili, akafunga mkebe. Halafu akaufungua tena, akakitoa, akakiweka juu ya meza ambapo kingeonekana. "Na ikija hiyo kompyuta, mimi sijui kuiandikia."

"Kate atakuandikia. Wewe utasema tu."

"Nitaanza kwa kumwambia jina langu. Asije akadhani ni mama wa mtu mwingine." Alicheka, meno machache, kisha akamtazama Muhonja alivyoinama kukibana kiatu chake kilichofunguka. Akamsukumia kikombe karibu zaidi.

"Annah."

"Naam, mama."

"Leo umekuja mara mbili, na mara zote mbili ni mambo ya karatasi. Njoo tena Jumapili. Njoo bila karatasi."